Kitenzi “split” cha Kiingereza: lini ni kupasua, lini ni kugawana, lini ni kuachana

Simamisha gogo kavu, pachika kabari kwenye ufa mdogo ulio kichwani mwake, kisha piga nyundo. Mapigo mawili matatu hayafanyi kitu. La nne, mti unatoa mlio mkavu na kuachana vipande viwili kwa mkupuo. Kabari haikukata chochote. Imezisukuma nyuzi za mti zikaachiana, na ufa ukakimbia kufuata njia ambayo tayari ilikuwamo ndani ya gogo. Hicho ndicho Mwingereza anachokiita “split”: kitu kilikuwa kimoja, kikaachana kwa kufuata mstari wake, mara nyingi ghafla.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kiholanzi mwishoni mwa karne ya 16, na matumizi yake ya mwanzo yalihusu vyombo vya baharini vinavyopasuliwa na dhoruba au miamba. Kutoka mbao za meli likahamia kwenye kuni, nguo, fedha, vyama, ndoa, hadi atomu. Kiswahili hakina neno moja lililosafiri safari hiyo yote. Kina pasua, chana, gawa, gawana, tenganisha, achana, meguka, na kila moja lina mahali pake. Kwa hiyo anayetafuta tafsiri moja ya “split” atakwama kila akigeuza ukurasa. Ni bora azoee kujiuliza maswali mawili, kwa mpangilio huu: ni nini kinachoachana, na ni neno gani dogo linalofuata kitenzi?

Umbo lenyewe

Kitenzi hiki hakibadiliki. Wakati uliopo ni “split”, uliopita ni “split”, na hata baada ya “have” ni “split”. “Splitted” si Kiingereza sanifu, ingawa utaisikia sana. Kiko kundi moja na “cut”, “put”, “hit”, “shut”, “hurt” na “cost”, na anayeyajua hayo hana jipya la kukariri. Kinachoongezeka ni “s” kwa mtu mmoja wa nafsi ya tatu, “splits”, na “-ing”, ambayo inadai t mbili: “splitting”.

Ugumu uko kwenye kusoma. “He splits the money” ni mazoea: huzigawa. “He split the money” ni jana: alizigawa. Kilichotofautisha ni “s” moja tu. Kwa “they” hata hiyo “s” haipo, kwa hiyo “They split the money” inaweza kuwa wanazigawa au walizigawa. Tafuta ushahidi pembeni, kama “every Friday” au “last week”. Usipouona, soma sentensi iliyotangulia kabla ya kuandika -li- au hu-.

Kuhusu matamshi: ulimi uliozoea Kiswahili hupenda kuchomeka irabu kati ya konsonanti, ikatoka “sipiliti”, silabi nne. Kwa Kiingereza ni silabi moja. Anza na “lit”, ongeza p iwe “plit”, kisha ibandike s mbele. Irabu ni fupi, iko kati ya i na e yetu, na t ya mwisho haifuatwi na kitu.

Angalia pia majirani watatu wanaofanana nalo kwa sura. “Spilt”, herufi zilezile kwa mpangilio mwingine, ni kumwagika, kwa hiyo maziwa yaliyomwagika ni “spilt milk”. “Split milk” ni maziwa yaliyokatika. “Spit” ni kutema mate. “Slit” ni kuchana kwa kitu chenye makali, mstari mmoja mwembamba, kama unavyofungua bahasha kwa kisu. Kirekebisha tahajia cha simu hakitakusaidia, maana yote manne ni maneno halali.

Pasua na pasuka ni neno moja kwao

Kiswahili hubadili mwisho wa kitenzi: alipasua gogo, gogo lilipasuka. Kiingereza hakigusi kitenzi, kinahamisha nomino. “She split the log”, alipasua gogo. “The log split”, gogo lilipasuka. Ukiona nomino moja tu, tena iko kabla ya kitenzi na si mtu mwenye mikono, elekea kwenye -ka.

Kosa la kawaida ni kuandika “The bag was split” unapotaka kusema mfuko ulipasuka. Sentensi hiyo ina maana kwamba kuna aliyeupasua, au kwamba ulikuwa tayari katika hali ya kupasuka ulipouona. Mfuko wa mchele ulioachia wenyewe njiani ni “The bag split”. Basi. Vivyo hivyo “His trousers split when he bent down”, suruali ilimpasukia alipoinama. Kama ni mshono ulioachia wala si kitambaa, ongeza “along the seam”, na Kiswahili chake ni kufumuka.

Mfano wa karakana unaonyesha jambo hili vizuri: “The board split because the nail was too close to the end.” Ubao ulipasuka kwa sababu msumari ulikuwa karibu mno na ncha. Msumari unazisogeza nyuzi pembeni, na penye ncha hakuna mbao ya kutosha kuzishikilia, ndiyo maana fundi hutoboa kwanza kwa keekee. Hapa “cracked” ingepunguza uzito, kwa sababu “crack” ni ufa ambao bado haujaachanisha kitu. Na “cut” ingekuwa uongo, kwa sababu hakuna kilichokata.

Neno dogo linalofuata

Hapa ndipo wanafunzi wengi na watafsiri wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

“Into” hutangulia vipande vinavyopatikana. “Split the class into four groups”, ligawe darasa katika makundi manne. “Water can be split into hydrogen and oxygen”, maji yanaweza kutenganishwa kuwa haidrojeni na oksijeni. Usiandike “split in four groups”. Lakini “split in two” na “split in half” zinakubalika, na ni misemo iliyozoeleka.

“Between” na “among” hutangulia wanaopokea. “The land was split between the two brothers.” Shuleni hufundishwa kuwa “between” ni kwa wawili na “among” ni kwa zaidi ya wawili. Kanuni hiyo ni nusu ya ukweli. Ukiwataja mmoja mmoja, “between” inafaa hata kwa watano. Ukiwataja kama kundi, “among the workers”, chukua “among”.

“With” ndiyo yenye mtego. Tazama jozi hii:

“She split the money with him.”
“She split with him.”

Ya kwanza: aligawana naye fedha. Ya pili: aliachana naye. Neno lilelile “with”, na maana zimekaa pande mbili za mlango, moja ni ya kushirikiana na nyingine ya kukatana. Kinachoamua ni kama kuna kitu kati ya “split” na “with”. Kikiwepo, ni gawana. Kisipokuwepo, ni achana. Kiswahili nacho kimeziweka zote mbili kwenye -ana, kwa hiyo sikio letu linaielewa hali hiyo. Ni jicho tu linalopaswa kuzoea kutazama katikati ya sentensi.

“Up” huongeza wazo la kutawanyika. “They split up” kwa wapenzi ni waliachana. Kwa watafutaji msituni ni walitawanyika, kila mmoja akashika njia yake. Muktadha utakuambia. Weka mtu katikati, “The teacher split us up”, na imekuwa alitutenganisha, kwa kawaida kwa sababu ya maneno mengi.

“Off” na “away” ni za kipande kinachomeguka kutoka kwenye kikubwa kinachobaki. “Over” na “on” hutaja ugomvi wenyewe: “The committee is split over the budget”, kamati imegawanyika kuhusu bajeti. “From” hutaja ulikotoka, kama katika “South Sudan split from Sudan in 2011”. Hiyo ni lugha ya magazeti; katika andiko rasmi ungesema “became independent”, ilipata uhuru.

Fedha mezani

Watu wanne wamekula, bili ni 46,000. “Let's split the bill” maana yake tugawane sawa, 11,500 kila mmoja, hata kama wewe ulikunywa chai tu. Ukitaka kila mtu alipie alichokula, useme “Can we have separate bills?” Kosa hapa linauma mfukoni, si kwenye sarufi. Kwa idadi ya watu, Kiingereza hutumia “ways”: “split it four ways”. Haina uhusiano wowote na njia.

“Split the difference” ni ya mnunuzi na muuzaji. Mwenye duka amesema 30,000, wewe umesema 20,000. Mkikubaliana 25,000 mmefanya hivyo. Kiswahili cha sokoni ni tukutane katikati. Neno kwa neno, “tugawane tofauti”, halielezi kitu kwa asiyejua Kiingereza.

Kwenye mgawo usio sawa, chukua tahadhari. “They will split the profits 60–40” haisemi nani anapata 60. Wasemaji hudhani aliyetajwa kwanza, lakini “they” haina wa kwanza. Katika mkataba, iandike kwa urefu: “60 percent to the owner and 40 percent to the driver.”

Ndoa na hati

“Split” na “split up” ni maneno ya mazungumzo na ya habari za wasanii. Hayana nguvu ya kisheria. Kwenye fomu utakutana na “separated” na “divorced”, na tofauti yake ni kubwa: wa kwanza wametengana lakini ndoa ipo, wa pili wamepeana talaka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inatofautisha amri ya kutengana na talaka. Kwa hiyo mtafsiri wa hati ya mahakama akiandika “split up” popote, ameharibu kazi. Na anayetafsiri “The couple split in 2019” kutoka gazetini asiandike “walipeana talaka”. Gazeti halijasema hivyo. “Waliachana” inatosha, kwa kuwa ni pana vilevile.

Tukiwa hapa: “separate” lina a katikati, si e. Waingereza wenyewe hulikosea. Wanaofundisha tahajia husema kuna panya, “a rat”, ndani ya neno: sep-a-rat-e. Kama kitenzi mwisho wake hutamkwa “-reit”. Kama kivumishi hufupishwa, karibu na “seprit”.

Vyama na kura

Mfano ambao Wakenya wanaujua ni FORD, chama cha upinzani. “FORD split in 1992 into FORD-Kenya and FORD-Asili”: kiligawanyika mwaka 1992 kikawa FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Hapa “split” haina mtendaji. Mwandishi anayetaka kuepuka kusema nani alisababisha huipenda kwa sababu hiyohiyo, na mtafsiri mwaminifu huiacha kwenye -ka: kiligawanyika, si kiligawanywa.

Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulileta msemo wa pili, “split the vote”. Odinga, Matiba na Mwai Kibaki waligombea kila mmoja kwa chama chake, na Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. “The opposition split the vote” ni kura za upinzani ziligawanyika. Msemo huu hautumiki kwa kila mgawanyo wa kura. Unadai wagombea wanaotegemea wapiga kura wale wale, wakaumizana, akanufaika wa tatu.

Si kila kupasua ni “split”

Ukigeuza safari, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu pasua na pasuka zetu ni pana kuliko “split”.

Tairi likipasuka ni “burst”, na puto vilevile, kwa kuwa ni nguvu ya hewa iliyo ndani. Bomba la maji pia “burst”, ingawa likifunguka mstari mrefu unaweza kusema “split”. Glasi iliyopasuka ni “cracked” kama ina ufa, “broken” kama iko vipande, “shattered” kama imesambaa sakafuni. Karatasi hupasuliwa au huchanwa kwa “tear”. Wapasua mbao wanaofanya kazi kwa msumeno hawafanyi “split” hata kidogo, ni “saw”, maana msumeno hukata nyuzi badala ya kuzifuata. Jipu ni “lance”.

Na daktari aliyempasua mgonjwa ni “operated on”. “The doctor split him” itamfanya msikilizaji aulize kama polisi wameshafika. “Alipasuliwa jana” ni “He had an operation yesterday”.

Gawa nayo ina mambo yake. Kugawa kadi za harusi ni “hand out” au “distribute”, kwa sababu hakuna kadi iliyoachana na nyingine kama kipande. Hesabu ni “divide” daima: 12 “divided by” 3 ni 4. Seli za mwili pia “divide” katika vitabu vya baiolojia. Lakini atomu ni “split”. Wanafizikia John Cockcroft na Ernest Walton waliipasua ya lithiamu kule Cambridge mwaka 1932, na tangu hapo hakuna aliyebadilisha kitenzi. Kutenga fedha ni “set aside” au “allocate”. Na “achana naye”, kwa maana ya usimsumbue au mpuuze, ni “leave him alone”.

Jikoni, choroko za kupaaza ni “split mung beans” na pakiti za dukani huandikwa hivyo. Hapo “split” ni kivumishi, na punje ziliachana nusu mbili kwenye mstari wake wa asili. Ile picha ya gogo tena.

Kazini

Anayesaini mkataba wa hoteli, iwe Zanzibar, Mombasa au Dubai, akikuta “split shift” au “split duty” asipite haraka. Ni zamu moja iliyokatwa vipande viwili kwa siku ileile: kwa mfano saa 12 asubuhi hadi saa 4, kisha saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Saa za kati mara nyingi hazilipwi, na kama malazi yako mbali na kazi, siku nzima imekwisha. Uliza kabla ya kusaini saa za mapumziko ni ngapi na usafiri wa mchana ni wa nani.

“AC ya split” ya mafundi wetu ni kiyoyozi chenye mashine mbili, moja ukutani ndani na nyingine nje, zilizounganishwa kwa mabomba ya shaba. Imeitwa hivyo kwa sababu kile cha dirishani ni boksi moja.

Waandishi wa programu hukutana na “split” kama amri. Katika Python, "embe,nazi,ndizi".split(",") hutoa orodha ya maneno matatu, ['embe', 'nazi', 'ndizi'], na koma zenyewe hupotea. Koma mbili zikifuatana huacha kipande kitupu katikati, jambo linaloharibu hesabu za wanaoanza. Usipoandika chochote ndani ya mabano, hukata kwenye nafasi tupu, na nafasi tano zinazofuatana huhesabiwa kama moja.

Katika ngumi, “split decision” ni uamuzi wa majaji watatu ambapo wawili wamempa ushindi mmoja na wa tatu amempa mpinzani, tuseme 115–113, 115–113 na 113–115. Kama wa tatu ametoa sare, jina linabadilika kuwa “majority decision”. Watangazaji huzichanganya.

Misemo

Mingi inatafsirika bila shida ukiacha kung'ang'ania neno. “In a split second”, kufumba na kufumbua. “A splitting headache”, kichwa kinanipasuka, na hapa lugha zimekutana zenyewe. “Split your sides”, kucheka hadi mbavu ziume. “Do the splits”, kupiga msamba. “Split ends” ni ncha za nywele zilizochanika, na haziungani tena. Hupunguzwa kwa mkasi. “Split hairs” haihusu saluni: ni kubishania tofauti ndogo isiyo na faida. Muingereza akisema fulani “split on me”, maana yake alimchongea kwa mwalimu au kwa polisi. Ni lugha ya mtaani. “Let's split”, tuondoke, ni ya Kimarekani na imezeeka; ukiitumia leo utasikika kama filamu ya zamani.

Ukiikuta na S kubwa katikati ya sentensi, “We flew to Split”, usitafsiri chochote. Ni mji wa bandari nchini Kroatia, na jina lake halitokani na kitenzi hiki.